Ngome ya St. George, Chennai: Usiende Ijumaa, na Uanzie Kanisani

Wanaorudi na manung'uniko kutoka Ngome ya St. George, mjini Chennai, India, mara nyingi wameponzwa na kalenda. Makumbusho yake hufungwa Ijumaa. Siku nyingine hufunguliwa saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Jingine linalowashtua wageni ni kwamba hili si gofu: ndani ya kuta hizi ndimo linamokaa bunge la jimbo la Tamil Nadu pamoja na ofisi kuu za serikali ya jimbo. Kwa hiyo langoni kuna askari, mifuko hupekuliwa, na bunge likiwa na kikao ulinzi huzidi. Beba pasipoti yenyewe, acha begi kubwa hotelini, na weka noti ndogo za rupia mfukoni, maana malipo ya simu wanayotumia wenyeji mara nyingi humgomea mgeni. Tiketi ya mgeni ni ghali sana kuliko ya raia wa India. Kituo cha treni cha Chennai Fort kiko karibu, lakini hata huo mwendo mfupi jua la Mei hukukausha koo.

Ukishapita langoni, usikimbilie makumbusho. Anzia kanisa la St. Mary's, lililowekwa wakfu mwaka 1680. (Wanaosema neno letu "gereza" lilitokana na neno la Kireno la kanisa hawatashangaa kulikuta kanisa ndani ya boma.) Simama katikati uangalie juu. Paa ni la matao ya matofali, halina boriti hata moja, na kuta zina unene wa karibu mita 1.2. Waliolijenga walikuwa wakiwaza mizinga: paa la mbao lingeungua kwa kombora moja. Robert Clive, kamanda wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, alifungia ndoa humu mwaka 1753.

Nje, angalia unapokanyaga. Ua umetandazwa mawe ya makaburi, mengine yakiwa na maandishi ya Kilatini, Kireno na Kiarmenia, lakini waliotajwa hawakuzikwa hapo. Makaburi yalikuwa nje ya ngome, na Wafaransa walipouzingira mji mwaka 1758 waliyatumia kujikinga na risasi. Vita vilipokwisha, Waingereza wakayahamishia mawe ndani ili adui asipate tena pa kujificha.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilipata ardhi hii mwaka 1639, ikajenga ngome ya kulinda biashara yake ya vitambaa. Mwaka 1746 Wafaransa waliizingira na kuiteka ndani ya siku chache tu, wakakaa nayo hadi 1749, iliporudishwa kwa mkataba ambao kwa upande wa pili uliwarudishia Wafaransa ngome ya Louisbourg, kule Kanada. Kuta nene unazopiga picha leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya baada ya aibu hiyo, hivyo usimwamini anayekuambia ni za mwanzo kabisa.

Sasa nenda makumbusho. Jengo ni la mwaka 1795, lilikuwa soko la mabadilishano la wafanyabiashara, na juu ya paa lake ndipo ilipowashwa taa ya kwanza ya kuongozea meli ya Madras (jina la zamani la Chennai), mwaka 1796, kwa mafuta ya nazi. Tenga saa mbili. Sarafu, panga, bunduki na vyombo vya kauri waweza kuvipitia haraka. Picha kubwa za wafalme na magavana, kwa maoni yangu, zinapewa sifa kupita kiasi.

Usipite haraka kwenye kizimba cha mbao. Nahodha Anstruther, wa kikosi cha mizinga cha Madras, alikamatwa China mwaka 1840 wakati wa vita vya kasumba kati ya Uingereza na China, akafungiwa katika kizimba ambacho mtu mzima hawezi kunyoosha miguu. Chuchumaa kando yake utaelewa bila maelezo.

Halafu kuna sanamu ya marumaru ya Lord Cornwallis, gavana mkuu wa Uingereza nchini India, kazi ya mchongaji Thomas Banks. Watu huitazama sura na kuondoka. Shusha macho kwenye jiwe ambalo sanamu imesimama juu yake: pale pamechongwa wana wawili wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, wakikabidhiwa kwa Cornwallis kama rehani mwaka 1792, ili baba yao atimize masharti ya mkataba. Watoto walioshikwa dhamana wamefanywa pambo la ushindi.

Bendera ya taifa la India iache iwe ya mwisho. Ni ya hariri, urefu wake karibu mita 3.5, na ndiyo iliyopandishwa ngomeni humu alfajiri ya tarehe 15 Agosti 1947, siku India ilipopata uhuru. Hariri ina maadui wawili, mwanga na unyevu, na bahari iko jirani kabisa. Ndiyo maana imewekwa kwenye kabati la mbao na kioo lisilopitisha hewa, ikazungushiwa bakuli za chembe za silika za kunyonya unyevu, na taa zake huwaka mtu anaposogea. Ukiona giza, usidhani umeme umekatika. Sogea hatua moja mbele.