Mradi wa vioo vya RAV4: kurudisha hita iliyokatwa Dar

Mei, mvua za mwisho

RAV4 hii ni ya 2003. Tangu ishuke melini imekaa Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyeipandisha Njombe. Kule Dar hakuna aliyewahi kuuliza habari za hita. Huku ukipakia watu wanne alfajiri, makoti yamelowa, hujatoka mjini vioo vyote vimeshakuwa vyeupe na abiria wa mbele ameshakabidhiwa kitambaa. Akifuta anaacha michirizi, na lori likija na taa zake mwanga unatawanyika kwenye ile michirizi mpaka huoni ukingo wa lami.

Lengo la mradi: kwenda Makambako, kama kilomita 60, bila mtu yeyote kushika kitambaa.

Nimeanza na dawa za mtaani. Huku kwetu viazi mviringo havikosekani, kwa hiyo nusu ya kioo, upande wa ndani, nimepaka kiazi kilichokatwa. Nusu nyingine nimepaka povu la kunyolea ndevu, nikalifuta kwa kitambaa kikavu mpaka kioo kikang'aa. Povu limeshinda. Maji yanatandaa kuwa utando mwembamba badala ya kusimama vitone vitone, ndiyo maana unaona mbele. Kiazi nacho kinafanya kazi kidogo, ila kinaacha wanga unaokera jua likichomoza. Soksi yenye chumvi niliyoweka juu ya dashbodi nimeitupa. Chumvi huanza kunyonya unyevu wa hewa ukivuka asilimia 75, lakini ikishashiba inayeyuka na kudondoka, na chumvi na bati la gari havipatani.

Bado Mei, hesabu

Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ipoze hadi nyuzi 10, inabeba gramu 9 na ushei tu. Kilichozidi lazima kishuke mahali, na penye baridi kuliko pote ndani ya gari ni kwenye kioo. Mtu mzima aliyekaa tu anatoa gramu kama 40 kwa saa, pumzi na jasho. Zidisha kwa wanne, ongeza makoti. Kwa hiyo povu linaficha tu. Kazi yenyewe ni kuyatoa maji garini na kukipasha kioo.

Juni

Kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake kilikuwa kimewashwa muda wote. Kwa foleni na vumbi la Dar kina maana, AC inapoza haraka. Hapa maana yake mnavuta pumzi zenu wenyewe. Nimekizima, hewa iingie kutoka nje, na tofauti imeonekana siku hiyo hiyo. Chujio la hewa nyuma ya boksi la dashbodi limejaa majani makavu, nimeweka jipya.

Kapeti upande wa abiria ukiibonyeza kwa kidole gumba, maji yanapanda. Kimpira cha kutolea maji ya AC chini ya gari kilizibwa na tope. Nimekizibua, nikang'oa kapeti na kuianika.

Halafu AC. Ndani yake hewa inapita kwenye mabomba baridi, maji yanadondoka, kisha hita inatakiwa kuipasha ile hewa iliyokauka. Shangazi, niliyempa lifti kwenda sokoni, hakutaka kusikia habari hiyo: "Mwanangu, baridi yote hii unatuwashia AC, tumekukosea nini?" Alikuwa na haki. Nimeweka swichi kwenye joto la mwisho na bado inavuma baridi tupu.

Nimefungua boneti. Mipira miwili inayopeleka maji ya moto kwenye hita imekatwa, na kipande cha mpira kilichokunjwa kinayarudisha maji moja kwa moja kwenye injini. Pwani hili ni jambo la kawaida: rejeta ndogo ya hita ikivuja, kuitoa ni kushusha dashbodi nzima, basi fundi anairuka na mteja anashukuru.

Nimepitisha maji ya bomba kwenye ile rejeta ndogo. Yametoka rangi ya chai ya mkandaa, na vipande vya kutu, mpaka yakawa meupe. Nimeijaza nikaiacha usiku kucha: maji hayajashuka, na chini hapana tone. Kumbe ni nzima! Nimefunga mipira mipya na vibano vipya.

Geji ya joto bado haitaki kupanda, hata baada ya kilima. Nimefungua nyumba ya thamostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kupozwa mpaka injini ipate moto: tupu. Mafundi wengi huitoa wakiamini inachemsha gari. Matokeo yake injini inapozwa tangu dakika ya kwanza, inakunywa mafuta zaidi, na hita haipati cha kupasha. Mpya imepigwa chapa ya 82, yaani nyuzi za kufungukia. Kabla ya kuifunga nimeichemsha kwenye sufuria na kipimajoto pembeni; imeanza kufunguka palepale karibu na 82. Kale kapini kake kadogo kanakaa juu, hewa ipate pa kutokea. Kisha kulanti, dawa ya kupozea injini, badala ya maji ya bomba, hita kwenye joto la mwisho, kifuniko cha rejeta wazi, injini inawaka mpaka mapovu yaishe.

Julai

Makambako, kwenda na kurudi, gari limejaa. Hewa ya nje, AC, joto, feni ya pili, yote kwenye kioo. Kioo kinafunguka kuanzia chini, madoa mawili yanatanuka kuelekea juu mpaka yanakutana. Kitambaa hakijaguswa.

Njia ya Makete, alfajiri yenye barafu kwenye nyasi, kompresa, pampu ya AC, imekataa kuwaka. Ndivyo inavyotengenezwa, isigande. Wala haikuhitajika: hewa ya karibu na sifuri ina maji machache sana, ukishaipasha ni kavu.

Kimebaki kioo cha nyuma. Mistari mitatu ya kupashia imekufa. Kwa mita ya umeme nimepata palipokatika kwenye miwili: volti zinashuka hatua kwa hatua, halafu ghafla zinaruka. Rangi ya kupitisha umeme nimeagiza Kariakoo. Wa tatu umekwanguliwa karibu wote na stika ya zamani, huo nauacha.