Jiwe, Pete na Chupa ya Maji

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii binti yangu amemaliza riwaya ya kwanza ya Harry Potter, ile iliyotoka mwaka 1997, akanifuata na kitabu mkononi, kidole kikiwa bado kimebanwa kwenye kurasa za mwisho. "Mama, mbona yule mzee amekubali jiwe lake livunjwe? Si atakufa?" Nikamwambia anipe muda. Swali lilinikuta pabaya. Shangazi yangu amelazwa, madaktari wametuambia waliyotuambia, na tangu siku hiyo usiku umekuwa mrefu kwangu. Naamka saa nane nawaza kifo. Chake kwanza, halafu changu. Na nimeokoka siku nyingi, wapendwa.

(Najua wapo wasiotaka vitabu vya uchawi vivuke mlango wa nyumba zao. Tutalizungumza siku yake.)

Kwa asiyeijua habari hiyo, jiwe lenyewe hugeuza metali kuwa dhahabu na kutoa dawa ya kumfanya mtu asife. Mwenye nalo ni Nicolas Flamel, mzee wa miaka 665, na mkewe Perenelle ana 658. Muuaji mmoja analitafuta, kwa hiyo wanakubaliana na rafiki yao lisiwepo tena. Wamebakiwa na dawa ya kuwatosha kuweka mambo yao sawa, kisha wataondoka. Mtoto hilo limemshinda kuelewa. Saa nane za usiku hata mimi linanishinda.

Flamel alikuwepo kweli. Alikuwa mnakili wa vitabu mjini Paris, akafa mwaka 1418, na sifa za kuwa na jiwe la uhai alivikwa na watu waliokuja baadaye sana. Jiwe analojulikana nalo kwa hakika ni la kaburi lake. Liko mpaka leo katika jumba la makumbusho la Cluny, hukohuko Paris. Juu amechongwa Kristo pamoja na Petro na Paulo, chini imechongwa maiti inayooza, na maandishi yake yanasema ametoka udongoni, anarudi udongoni, na roho yake anaikabidhi kwa Yesu asameheye dhambi. Mtu ambaye hadithi zimemwongezea karne na karne, kaburini kwake kumechongwa maiti! Nilicheka peke yangu, na usiku ule nililala vizuri kidogo.

Basi nikaanza kuviangalia vitu hivi vya kwenye hadithi, kimoja kimoja. Kuna hadithi za Kirusi za Koschei, mchawi aliyeficha kifo chake kwenye ncha ya sindano, sindano ndani ya yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura, sungura ndani ya sanduku chini ya mwaloni, kisiwani. Anaishi maisha yote akilinda yai. Kuna filamu ya Indiana Jones ya mwaka 1989 yenye kikombe alichonywea Bwana wetu, ambapo askari mmoja amekilinda kwa miaka 700 pangoni, kwa kuwa kikombe hakiruhusiwi kuvuka alama iliyo sakafuni. Uzima wa milele, ndani ya pango! Na kwenye hizo hizo habari za Harry Potter, adui anaipasua roho yake mwenyewe ili avifiche vipande ndani ya vitu, na kila kipande kinamgharimu mtu mwingine uhai wake.

Kilichonishika zaidi ni pete ya Tolkien. Aliyeiandika alikuwa Mkristo Mkatoliki, na katika barua zake alisema kwamba kiini cha hadithi yake ndefu, The Lord of the Rings, iliyotoka miaka ya 1954 na 1955, ni mauti na kutokufa. Bilbo, aliyekaa na pete hiyo miaka mingi, anafikisha miaka 111 na uso haujazeeka. Watu wanamwonea wivu. Mwenyewe anamwambia rafiki yake kwamba anajiona amekondeana kwa ndani, kama siagi kidogo iliyopakwa kwenye mkate mkubwa kuliko kiasi chake. Pete haimwongezei uhai. Inauvuta tu ule alio nao, siku baada ya siku, mpaka uwe utando. Kabla yake kuna Gollum, aliyemuua ndugu yake kwa ajili ya pete hiyo siku ya kuzaliwa kwake, akakaa nayo karibu miaka 500 gizani chini ya milima, akila samaki wabichi na kuongea peke yake. Aliichukia na kuipenda. Alitaka kuiacha asiweze.

Sasa fungueni Mwanzo 3. Wengi tunasoma mwisho wa sura ile kama mlango uliofungwa kwa hasira: "asije akanyosha mkono wake, na kutwaa matunda ya mti wa uzima, akala, akaishi milele." Makerubi wanawekwa, na upanga wa moto unageuka huko na huko. Lakini jiulize, Adamu alikuwa katika hali gani saa ile? Ametoka kujificha. Ametoka kumsingizia mkewe mbele za Mungu. Ametoka kujishonea majani. Angekula tunda lile akiwa vile, tungekuwa na Adamu wa milele anayejificha, anayesingizia, asiye na njia ya kufa na kwa hiyo asiye na njia ya kufufuka. Angekuwa Gollum. Bwana akamzuilia, na kabla ya kumtoa nje akamvika mavazi ya ngozi. Aliyemvika ndiye aliyemfungia. Siwezi tena kuusoma ule upanga bila kuona huruma ndani yake. Mti wenyewe haukukatwa, mnaukuta Ufunuo 22 umesimama, na walioruhusiwa kuuendea ni wale waliofua nguo zao.

Nilitaka kuendelea na Mhubiri, jinsi Mungu alivyoiweka milele ndani ya mioyo yetu, lakini kuna jambo limenikaa kooni na nitalisema.

Juzi nilipofika wodini nilikuta chupa ya maji kwenye kabati dogo la kitandani kwa shangazi. Imebandikwa picha ya mtumishi, anatabasamu. Mpendwa mmoja ameileta kwa nia njema, simlaumu upendo wake. Ameacha na masharti: vifuniko vitatu kwa siku, asiyeamini asiiguse, na isiishe kabla hajaleta nyingine. Na ili chupa ipate nafasi, Biblia ya shangazi ilikuwa imesogezwa ikawekwa chini, juu ya viatu.

Wapendwa, tunajiita watu wa Neno. Tunawacheka wenye hirizi. Halafu tunabeba chupa, tunabeba mafuta, tunafunga vitambaa, tunaweka chumvi mlangoni, na moyoni tunaogopa siku vitakapoisha. Tofauti yetu na Koschei ni nini hapo? Naye alikuwa na kitu chake, naye hakulala akikilinda.

Najua mtaniletea Yakobo 5. Nileteeni, lakini msomeni mpaka mwisho. Mafuta yapo pale, nami nimepakwa mafuta na wazee wa kanisa nikiwa mgonjwa, wala sijutii. Ila andiko linasema mgonjwa anaokolewa na nini? "Kule kuomba kwa imani kutamwokoa mgonjwa yule, na Bwana atamwinua." Mtaniletea na leso za Paulo, zile za Matendo 19 walizopelekewa wagonjwa. Sawa. Andiko linasema Mungu ndiye aliyefanya, tena miujiza ya kupita kawaida, na hatusomi popote kwamba Paulo alizibandika picha yake.

Someni 2 Wafalme 18. Ile nyoka ya shaba ilitengenezwa kwa amri ya Mungu mwenyewe. Aliyeumwa akiitazama aliishi. Hakuna kitu cha kwenye riwaya kinachoifikia, maana hiyo iliponya kweli. Karne nyingi baadaye bado wanayo, wameitunza vizuri, wanaifukizia uvumba. Mfalme Hezekia akaivunja vipande vipande, na Biblia inamsifu. Hebu fikirini ujasiri wa kuvunja kitu ambacho babu zako walipona kwacho! Walioitunza hawakuwa wapagani. Walikuwa watu waliokuwa na ushuhuda.

Na yule mama aliyetokwa na damu miaka 12, tunamtumia vibaya sana. Tunasema aligusa vazi akapona, kwa hiyo tupeni vazi. Someni Marko 5 taratibu. Amekwisha kupona. Damu imekauka. Kama Yesu angekuwa mtu wa kugawa vitu, hapo kazi ingekuwa imekwisha na mama angerudi kwake kimyakimya na muujiza wake. Bwana akasimama. Yairo yuko pale roho juu, mtoto wake yu katika kufa, mkutano unasukumana, wanafunzi wanaona huu ni upuuzi, na yeye anazungukazunguka akimtafuta mtu mmoja kwa macho. Alitaka amwone. Alitaka asikie habari yake yote. Mama akaja anatetemeka, akaanguka mbele yake, na neno la kwanza alilolipata lilikuwa "Binti." Kwa miaka 12 nani alimwita hivyo? Ule upindo haukuweza kumwita binti. Hakuna jiwe linaloweza, wala pete, wala chupa yenye picha. Ninyi mliochoka na magonjwa, mliozunguka na vifuniko vya maji mpaka mmechoka, hamjachelewa. Anawatafuta kwa macho katikati ya mkutano huo huo. Njooni mbele yake mkitetemeka hivyo hivyo. Mwambieni yote, hata yale ya saa nane za usiku. "Na uzima wa milele ndio huu, wakujue wewe," alisema usiku ule aliosalitiwa, na nimeurudia mstari huo wiki nzima mpaka binti yangu ameukariri kwa kunisikia.

Shangazi sikumwambia lolote kuhusu chupa. Yeye ndiye aliyeniambia, "Niokotee Biblia yangu hapo chini." Akataka Yohana 11. Nikasoma, akawa anasogeza midomo pamoja nami, maana anaijua. Tulipofika pale Lazaro anatoka na sanda zake, akanishika mkono niache kusoma kwanza.

"Huyu alikufa tena, eti?"

Nikamwambia ndiyo, shangazi, lazima alikufa tena.

Akanyamaza, akatabasamu kidogo. "Basi mara ya pili alikuwa anaijua ile sauti."

Akasinzia. Mimi nikabaki nimekaa na kidole kwenye mstari. Nimezoea kumhurumia Lazaro kwa hiyo safari ya pili, alipitia yote halafu ayapitie tena. Shangazi hamhurumii hata kidogo. Bado tunamwombea apone, na tutaendelea kuomba bila aibu, kwa kuwa Baba yetu hachoki kuombwa. Akiinuka, tutashangilia. Yeye mwenyewe anaomba pia, na anakunywa dawa za daktari kwa wakati kuliko mgonjwa yeyote wodini.

Mnaopanga kwenda kumwona wiki hii, nawaomba msimpelekee kitu cha kushika. Nendeni wawili wawili, msikae sana, anachoka upesi. Mwimbieni. Anaanzisha mwenyewe, lakini pumzi inamkatikia kwenye kiitikio, kwa hiyo mmoja wenu awe tayari kukipokea hapo.