Jinsi MRI ya mama ilivyofika India wakati mama mwenyewe yuko Kibosho

Mwaka jana mwezi wa pili mama yangu alianza kushindwa kusimama kanisani. Mtu ambaye miaka yote anashuka mtoni kukata majani ya ng'ombe na kupanda nayo mlima, ghafla akisimama dakika kumi anatafuta pa kushika, anasema miguu inawaka moto halafu inakufa ganzi kuanzia makalioni mpaka unyayo. Tukamchua, akameza diklofenaki za duka la dawa, wiki zikapita mpaka tukampeleka MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, hapa Moshi mjini. Daktari wa mifupa akatuambia njia ya mishipa ya fahamu kwenye mgongo chini imebanwa, kati ya pingili ya nne na ya tano, na kwa hali ilivyofikia anashauri upasuaji.

Sasa kwenye familia yetu ukitaja upasuaji wa mgongo ni kama umetangaza msiba. Shangazi alilia kabisa, akasema atapooza. Mjomba aliyeko Dar akasema mpelekeni India, na kabla ya siku mbili kuisha grupu la WhatsApp la kuchangia safari lilikuwa limeshafunguliwa, watu wanaahidi, mmoja akaleta namba ya dalali wa kupeleka wagonjwa. Nikampigia. Akataka dola 500 za kufungua faili, na hapo hajauliza hata mama anaumwa nini. Nikakata simu nikawaambia ndugu zangu jamani subirini kwanza, hela msitume.

Mimi nafanya kazi ofisi ya utalii, napanga safari za wapanda mlima, kwa hiyo kutafuta vitu mtandaoni na kuandikiana na watu wa nje ndo kazi yangu ya kila siku. Nikaona hospitali kubwa za India zina kitengo cha wagonjwa wa kigeni, unaandika wewe mwenyewe, unatuma ripoti, daktari wao anaangalia na wanakurudishia maoni na makadirio ya gharama. Niliyoiandikia haikunitoza kitu. Na viza ya matibabu inaombwa mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, wasindikizaji wawili nao wanaombewa yao, inakupa siku 60. Hayo yote dalali alikuwa anataka kunifanyia kwa hela.

Nikachukua zile filamu za MRI, nikazibandika dirishani jua linapiga, nikapiga picha kwa simu nikatuma. Jibu likaja kesho yake kwa upole sana, kwamba picha za namna hiyo hazisomeki, nitume mafaili ya DICOM. Ilibidi niulize ni nini. Kumbe ni yale mafaili halisi yanayotoka kwenye mashine, yana vipande vingi sana vya picha na daktari anavipitia kimoja kimoja, anaona ndani ya mgongo kuanzia upande huu mpaka ule. Filamu uliyopewa kwenye bahasha ya kaki ni vichache tu vilivyochaguliwa.

Kuyapata ikawa kazi. Kule tulikopiga MRI dada wa kumbukumbu aliniambia mafaili hayatolewi, ripoti si mnayo. Sikugombana naye. Nilirudi kesho yake na barua ambayo mama ameisaini mwenyewe, nikasema kwa heshima kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zilizoko kwa anayezitunza, na za afya ni zake kabisa. Akaenda kumuuliza mkubwa wake, nikakaa kwenye benchi kama saa moja hivi, akarudi na CD.

CD yenyewe sasa naiweka wapi? Laptopu yangu haina tundu la CD, ya ofisini haina, ya shemeji haina. Nilizunguka mpaka nikapata steshenari moja karibu na stendi, kijana ana kompyuta ya zamani ya mezani imejaa vumbi, akafungua kile kitrei akapuliza, akaweka CD, ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga. Mi nimesimama pale naomba Mungu isikwaruzike maana ndo hiyo moja. Dakika ishirini yakahamia kwenye flashi, nikamlipa elfu mbili, nikamwambia atoe na kopi nyingine. Kuyatuma kulinichukua usiku mbili, bando linakata yakifika karibu na mwisho unaanza upya, mwishowe nikawahi ofisini saa kumi na moja alfajiri wakati intaneti haina watu, yakapanda yote.

Wiki iliyofuata wakatupa miadi ya simu ya video. Kibosho mtandao unayumba kwa hiyo nilimleta mama ofisini nikamkalisha kwenye kiti changu na mto mgongoni. Daktari anauliza Kiingereza, mi natafsiri, na nakiri nilikuwa nafupisha, mama anaeleza sentensi tano mi nasema maumivu ya miguu. Mama akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu mwambie yote. Mwambie nikiwa nimeinama na mzigo wa majani napandisha sisikii kitu, lakini nikinyooka kusimama ndo miguu inakufa." Nikatafsiri hivyo hivyo. Yule daktari akaacha kuandika, akaomba nirudie. Akatuelezea kwamba ukiinama mbele ile njia iliyobana inatanuka kidogo, mishipa inapata nafasi, ukinyooka inabana tena, kwa hiyo alichosema mama na alichoona kwenye picha vinaendana. Mimi nilikuwa karibu nimnyime daktari maelezo muhimu kuliko yote kwa sababu ya haraka zangu tu. Nawaomba sana mkimtafsiria mzazi msifupishe.

Alimaliza kwa kusema anakubaliana na daktari wetu wa Moshi, na kwa vile pingili haijateleza haoni haja ya kuweka vyuma, ni kufungua nafasi tu. Makadirio yao ukijumlisha na nauli ya ndege ya watu wawili kutoka uwanja wa Kilimanjaro, KIA, kupitia Addis Ababa na chumba cha kukaa kule yalizidi mshahara wangu wa mwaka.

Nikageukia bima. Kazini tuna bima binafsi na wazazi wamo, ila sikuwahi kusoma mkataba zaidi ya ukurasa wa kwanza. Safari hii nikausoma wote. Matibabu ya nje wanalipa pale tu huduma haipatikani nchini, na lazima kibali kitoke kabla hujasafiri. Na huduma za nchini zinaongezeka kila mwaka, figo zimeanza kupandikizwa Muhimbili tangu 2017 na Benjamin Mkapa Dodoma tangu 2018, sasa kwenda nje kwa upasuaji kama wa mama kungekataliwa moja kwa moja. Tungeuza ng'ombe, tungechangisha, halafu tukarudi na risiti ambazo hakuna wa kuzilipa.

Basi nikaomba kibali cha kufanyiwa hapa hapa, kupitia aplikesheni yao. Dakika chache tu jibu likaja, limekataliwa, taarifa za mwanachama hazilingani. Kadi ya bima imeandikwa Ana, kitambulisho cha NIDA kimeandikwa Anna. Herufi moja! Zamani ungeenda dirishani karani akamwangalia mama usoni akasema pita mama. Mfumo hauna macho hayo. Naelewa kwa nini wameweka ukali, watu walikuwa wanaazimana kadi na sisi wanachama ndo tunaobeba hasara, lakini mama yangu alikuwa anaumia wakati herufi inatafutwa. Ilibidi barua ya HR, hati ya kiapo kwa wakili, kopi ya NIDA, na kila nikipiga huduma kwa wateja napokelewa na mtu mpya naanza hadithi upya.

Kilichonisaidia ni kitu nilichojifunza kwa wageni wetu wa mlimani. Mtalii akizidiwa kule juu, bima yake ya safari ikishapigiwa inafungua namba ya kesi, na kuanzia hapo rubani, hospitali na sisi wote tunataja namba hiyo. Nikawaambia nipeni namba ya kesi. Wakanipa, na kuanzia siku hiyo sikueleza tena kitu, nataja namba tu wanaona kilichokwama. Siku ya tisa, Alhamisi jioni, meseji ya kibali ikaingia niko sokoni Mbuyuni nachagua ndizi, nikaziacha pale pale nikampigia mama.

Tangu siku hiyo kila ninayeongea naye namuuliza, kadi ya mzazi wako na NIDA yake zinafanana? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilishapitishwa 2023, watu wengi zaidi watakutana na hii mifumo, na wazee wetu majina yao yaliandikwa na makarani kila mmoja kwa sikio lake. Kagueni leo akiwa mzima.

Tulirudi kwa yule yule daktari wa kwanza. Niliogopa ataona tulimdharau, nikampa simu asome barua ya India, akaisoma mpaka mwisho, akaomba nimtumie aiweke kwenye faili. Mama alipasuliwa, siku ya pili wakamsimamisha, siku ya tano tukamrudisha nyumbani tukiendesha polepole kwenye yale mashimo. Kidonda nilikuwa nakipiga picha asubuhi namtumia nesi kwa WhatsApp, mara moja tu akatuita turudi. Wiki ya saba alisimama Nasadiki yote ameshika benchi kwa mkono mmoja.

Ile CD ameifunga kwenye kanga, ameiweka kwenye sanduku pamoja na cheti chake cha ubatizo. Jirani akija kumsalimia akasema ametoka kupiga picha hospitali, mama anamuuliza kwanza, "CD yako umeichukua?"