Siku moja maishani mwangu: fundi faiba, Mbeya

Saa 11:30 alfajiri. Mbeya ya Julai haina masihara. Nanawa uso tu, mengine jioni.

Saa 1:15. Msimamizi anapiga: laini ya Uyole imedorora, wateja wanalalamika.

Saa 3:00. Nafungua boksi, nachomeka OTDR. Kipimo hiki hurusha mapigo ya mwanga ndani ya faiba, kikasoma unaorudi. Kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1310 mchoro umetulia. Nahamia 1550, unaporomoka. Basi si kiungo kibovu, faiba imekunjwa. Mawimbi marefu ndiyo hutoroka zaidi kwenye kona.

Saa 4:40. Huyu hapa. Mtu kaifunga kwenye nguzo kwa waya, kaikunja kama kamba ya mbuzi.

"Ilikuwa inaning'inia, mwanangu," anasema mzee wa duka la jirani.

"Shikamoo mzee. Siku nyingine tupigie simu."

"Marahaba. Nilipiga. Hampokei."

Sina la kujibu. Nakata, namenya, nafuta kwa spiriti, naunga. Mashine inasoma upotevu wa desibeli 0.02. Safi.

Saa 7:30. Wali, maharage, parachichi.

Saa 2:00 usiku. Laptop. Tangu nianze kazi hii sina adui kama kona, ndiyo maana fotoniki ya topolojia, elimu ya kuupitisha mwanga kwenye kona bila kumwagika, imeniteka. Mwaka 2008 wanafizikia Haldane na Raghu walichapisha wazo kwamba mwanga unaweza kufanywa utembee ukingoni, upande mmoja tu. Mwaka 2009 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, wakalithibitisha kwa mawimbi ya maikrowevu: waliweka kizuizi cha chuma njiani, wimbi likakizunguka likaendelea zake. Walitumia sumaku. Siku hizi kwenye silikoni, ile ya chipu za kompyuta, yanatobolewa matundu ya pembetatu yaliyoachana nanomita mia chache, upande mmoja yakielekea juu, wa pili chini, na mwanga unafuata mpaka wa pande hizo. Msidanganyike lakini: bila sumaku ulinzi una mipaka. Matundu yakitobolewa ovyo, mwanga unarudi ulikotoka.

Mimi silikoni sina. Nina programu ya bure ya kuiga mwendo wa mwanga, Meep, na kona mbili za nyuzi 120 nilizochora mwenyewe. Laptop inavuma kama mashine ya kusaga. Doa jekundu, ndio mwanga wenyewe, linatambaa mpakani, linafika kona ya kwanza, linapinda. Halikumwagika! Namwita mke wangu aje aone. Anauliza kama nimekula.

Saa 4:20. Doa linaingia kona ya pili. Umeme unakatika.