Siku moja na kichwa cha mistari 12

Saa 12 asubuhi. Mabua ya mahindi bado yamelowa umande, kwa hiyo napiga grisi na kukaza cheni. Leo kombaini yangu, mashine ya kuvunia, imevalishwa kichwa cha mistari 12, yaani kile kifaa cha mbele kinachochuma mahindi mistari 12 kwa mpigo. Mpaka juzi nilitumia cha mistari 8, na mashine ni ileile, injini ileile. Mwenye shamba amesimamia mwenyewe kikifungwa. "Kijana, leo tunamaliza mapema." Nikamjibu, "Tutaona, mzee."

Saa 3. Unyevu wa punje 22%, tunaanza. Upande huu mahindi yamebeba, tani 8 kwa hekta. Naenda kilomita 6 kwa saa kama nilivyozoea. Mita 100 hazijaisha, injini inaguna na rota, inayopukuchua mahindi tumboni mwa mashine, inatoa sauti nzito. Nasimama, narudi nyuma kidogo, nashuka na fremu yangu ya waya ya mita moja mraba. Pale ambapo kichwa kimeshapita lakini makapi hayajaangukia, nahesabu punje 9. Nyuma ya mashine napiga magoti, nafukua maganda na magunzi kwa vidole: 60. Punje 20 hivi kwa mita mraba ni kama kilo 60 kwa hekta, basi hapa tunamwaga karibu kilo 180. Kichwa kimefanya kazi yake. Walioshindwa ni rota na machekeche, maana koo linapokea kuliko tumbo linavyomudu.

Saa 4. Hesabu ni hii. Mistari 12 ya sentimita 75 ni upana wa mita 9, kwa hiyo kila kilomita naingiza tani 7.2. Mashine hii inapukuchua na kupepeta vizuri tani 30 hivi kwa saa, nimeishi nayo naijua. Mwendo wangu basi ni kilomita 4 na kidogo tu. Kwa kichwa cha 8, upana mita 6, ningekwenda 6 na robo na kupata tani 30 hizohizo.

Aliyeligundua kabla ya mzee ni dereva wa tela. "Kaka, mbona unaniita kwa muda uleule wa juzi?" Tangi la lita 8,000 linajaa kila baada ya dakika 11 au 12, kichwa kiwe cha 8 au cha 12.

Saa 6. Nimepunguza kasi ya roli zinazovuta mabua chini na cheni za kichwa. Mashine ikitambaa huku roli zinakimbia, hindi linapigwa kwa nguvu kwenye bamba na punje za kitakoni zinachubuka. Kero nyingine: planta, mashine iliyopanda shamba hili, ilikuwa ya mistari 8. Pale dereva wa planta alipoyumba, maungio ya pito moja na jingine yanaangukia katikati ya kichwa changu na mabua yanaingia kwa ubavu. Kichwa cha 8 kingefuata mapito ya planta yaleyale.

Saa 8 tunakula.

Saa 9. Tunahamia kwenye udongo wa kichanga, tani 5 kwa hekta, na hapa lazima niwe mkweli: kichwa kikubwa kinapendeza. Nakwenda 6 na nusu na mashine imeshiba. Kwa cha 8 ningetakiwa kukimbia kilomita 10 ili kuijaza, na kwa mwendo huo mabua yanasukumwa kabla ya kukamatwa, mahindi yanadondoka chini. Nikienda taratibu, rota inabaki na njaa, na rota yenye njaa huvunja punje, kwa sababu mahindi hayasuguani yenyewe kwa yenyewe, yanagonga chuma. Nahesabu tena nyuma: punje 22.

Saa 1 usiku. Umande umerudi, magunzi yanatoka na punje zake. Nazima. Mzee anakizunguka kichwa na tochi, anauliza kesho tunaingia wapi. Namwambia bondeni, kwenye mahindi mazito.

Kimya kidogo. "Kile cha 8 mlikiweka wapi?"

"Nyuma ya ghala, mzee. Nimeshakipiga grisi."