CH340 inapotoweka baada ya kuhamia Ubuntu 22.04

Baada ya kuhamisha kompyuta yangu kutoka Ubuntu 20.04 hadi 22.04, bodi ya ESP8266 ninayoitumia kupima unyevu wa udongo haikuonekana tena katika programu ya Arduino. Taa yake iliwaka na kebo ilikuwa ileile, lakini orodha ya poti ilikuwa tupu. Wengi wakifikwa na hali hii hukimbilia kutafuta draiva mtandaoni, jambo lisilohitajika katika Linux, kwa sababu draiva ya CH340, chipu inayoiunganisha bodi hiyo na USB, iitwayo ch341, imo ndani ya keneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, na toleo jipya halikuiondoa.

Jibu hupatikana kwa kuandika `sudo dmesg -w` katika terminali, kisha kuchomeka kebo na kusoma kinachotokea. Kwangu keneli iliitambua chipu na kuipa poti yenye jina la ttyUSB0, lakini papo hapo ikaandika kwamba programu iitwayo brltty inaigusa chipu hiyohiyo, na ttyUSB0 ikafutwa. Wakati huohuo `lsusb`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, iliendelea kuionyesha chipu kwa namba 1a86:7523, kwa hiyo haikuwa na maana kulaumu kebo wala bodi.

BRLTTY ni programu yenye heshima yake: huwawezesha wasioona kusoma skrini ya Linux kwa vidole, kupitia kifaa cha nukta nundu ambacho vijiti vyake hupanda na kushuka. Tatizo ni kwamba baadhi ya vifaa hivyo vina ndani yake chipu zilezile za kugeuza USB kuwa siriali (njia ya kutuma data biti moja baada ya nyingine), nazo hubaki na namba zilizotoka nazo kiwandani. Namba 1a86:7523 humweleza mtu kuhusu chipu tu, bila kumwambia kama imefungwa ndani ya kifaa cha kusomea au ndani ya bodi ya bei nafuu ya kupimia udongo. Udev, ambayo kazi yake ni kuamua kifaa kipya kihudumiwe na nani, huiona namba hiyo katika kanuni za brltty na kuiamsha programu hiyo, nayo huichukua chipu kutoka mikononi mwa ch341. Wenye bodi za CP2102, chipu nyingine ya aina hiyo yenye namba 10c4:ea60, nao wamekutana na mgogoro huu.

Ushauri unaorudiwa mara nyingi ni `sudo apt remove brltty`, nao hufanya kazi mara moja. Katika kompyuta ya mtu mmoja anayeona sina pingamizi. Katika maabara ya shule au kompyuta ya maktaba, hata hivyo, naona si haki kumwondolea mwingine njia ya kusoma kwa ajili ya bodi yangu, hasa ilhali kinachotakiwa kuzimwa ni mstari mmoja tu wa kanuni hizo. Njia ninayoipendelea ni kunakili faili la kanuni hadi katika folda ya /etc, ambako faili lenye jina lilelile hupewa kipaumbele na halifutwi kifurushi kinaposasishwa:

`sudo cp /usr/lib/udev/rules.d/85-brltty.rules /etc/udev/rules.d/`

Katika nakala hiyo, tafuta mstari wenye 1a86/7523 na uweke alama ya # mwanzoni mwake. Kisha andika `sudo udevadm control --reload-rules`, uchomoe kebo na kuichomeka upya. Vifaa vingine vya nukta nundu vitaendelea kutambuliwa kama kawaida, isipokuwa vile vinavyotumia namba hiyohiyo.

Ikiwa ttyUSB0 sasa inabaki mahali pake lakini programu inakataliwa kuifungua, hilo ni suala jingine kabisa, la ruhusa. Mtumiaji anatakiwa kuwa katika kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia poti za siriali, na `sudo usermod -aG dialout $USER` humwingiza humo, ila mabadiliko hayaonekani mpaka atoke katika akaunti yake na kuingia tena.