Chumba cha wageni

Ni usiku wa tarehe 30 Desemba. Kesho saa moja asubuhi tunaanza kuhesabu stoo, na badala ya kulala nimekaa hapa sebuleni Kimara, feni ikinipulizia hewa ya moto, nikilirudia neno alilonitamkia mama kwenye simu wiki tatu zilizopita.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za kazi na za joto la Dar es Salaam, kisha akataka kujua ninakuja lini. Nikamjibu kwamba nitafika tarehe 24 jioni na kuondoka tarehe 27 alfajiri, kwa sababu hesabu za mwaka zinafungwa tarehe 31 na awamu ya nne ya kodi ya mapato inatakiwa iwe imelipwa siku hiyohiyo. Alinyamaza. Nilimsikia jogoo upande wake. Ndipo akasema, kwa sauti yake ileile ya siku zote, "Haya mama. Basi nitakutandikia chumba cha wageni."

Angegomba ningejitetea. Ningemweleza kwamba mali iliyobaki stoo isipohesabiwa siku ile, faida ya mwaka mzima inakuwa ya kubahatisha, na kwamba mhasibu hawezi kuomba likizo wiki hiyo kama ambavyo mkulima hawezi kuiomba wakati wa mavuno. Lakini hakugomba, na wala hakukosea. Nyumba ina vyumba vitatu. Kile nilichokulia sasa ni cha mdogo wangu na mkewe, ambao harusi yao niliisimulia hapa mwezi wa sita. Yeye ndiye kitindamimba, na kwetu Uchagani kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, jambo nililolijua tangu utotoni bila kuwaza hata mara moja kwamba kitanda changu nacho kimo katika urithi huo. Kilichobaki kinaitwa chumba cha wageni tangu baba alipokijenga. Angekiitaje?

Hata hivyo nimelibeba neno lile ndani ya mwendokasi, katika vikao vya kamati ya harusi nyingine ambako mimi ni mweka hazina, nilipokuwa nawasilisha ritani ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT), na hata siku mkuu wetu wa kitengo alipotangaza kwamba anaacha kazi na kwamba nitakaimu nafasi yake. Watu walinipa mkono wa pongezi, nami nilikuwa najiuliza kama ile "haya" ilitangulia kimya au ilifuata.

Tarehe 24 saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stendi ya Mbezi, ambako nusu ya Uchaga ilikuwa imejipanga na mabegi yake, na jioni nikashuka Himo na kupanda daladala ya Marangu. Chumba kilikuwa kimetandikwa shuka la maua ambalo nyumbani kwetu hutolewa akija mchungaji au wakija wakwe. Nililala juu yake kwa adabu, bila kujigeuzageuza. Krismasi ilipita kwa ibada, mbuzi na ukoo mzima, na kila nilipoinuka kuondoa vyombo mama alinizuia: "Kaa upumzike, umetoka mbali."

Asubuhi ya tarehe 26, giza likiwa bado halijaondoka, mlango uligongwa. Mama alisimama pale na mundu mkononi.

"Amka ukakate majani, ng'ombe hajala. Wifi yako hawezi kuinama siku hizi."

Hivyo ndivyo nilivyopata habari za wifi. Nilitoka na kanga yangu, nikiwa katikati ya migomba ndipo nilipohesabu: tarehe 24 siku ya kwanza, 25 ya pili, 26 ya tatu. Nilicheka peke yangu mpaka nikaketi chini kwenye umande. Sijui kama mama aliikumbuka ile methali ya mgeni na jembe. Si mtu wa mafumbo, na aliponikuta nacheka aliniuliza kama huko Dar majani huwa yanachekesha. Kisha akaniambia nimekata machache, niongeze.

Nilirudi na lengelenge chini ya kidole gumba, ambalo kesho litanisumbua nikishika kalamu juu ya zile karatasi za kuhesabia. Kila nikiligusa ninafurahi, ingawa nakumbuka pia kwamba wakati wa kuagana mama alinifungia ndizi na parachichi za kutosha watu kumi, na hakuniuliza nitarudi lini.

Jioni hii mwenye nyumba ametutumia ujumbe wapangaji wote kwamba tukutane naye Jumamosi saa nne na asikosekane mtu. Hakusema ni la nini, na kodi yangu inaisha mwezi wa pili.